Mwezi Ambao Nyasi Hazibebi Watu

Jumatatu, 3 Machi

Mvua bado. Mawingu hukusanyika alasiri upande wa Ngong, hukaa kidogo, kisha huondoka.

Nimetembea hadi Gikomba kununua daftari hili. Katika idara ya bustani ya jiji niliandika daftari kila siku kwa miaka thelathini na moja: mvua, jua, kilichokatwa, kilichopandwa. Nilipostaafu niliacha. Nimeanza tena kwa sababu siku zimeanza kufanana, na mtu asiyetofautisha siku hawezi kutunza nyasi.

Nyasi zenyewe ziko mbele ya nyumba sita hapa Kaloleni, yetu ikiwa ya pili kutoka barabarani. Waliojenga mtaa huu walizipanga nyumba zitazame uwanja, kila kikundi na uwanja wake. Viwanja vingi siku hizi ni vumbi, au gereji, au vibanda. Huu wetu una hatua arobaini kwa ishirini na tano, na nyasi zake tulizipanda mimi na mke wangu Nzilani mwaka wa 1996, kwa vipandikizi nilivyovitoa kazini vikiwa njiani kutupwa. Chini ya madirisha alipanda mboga za managu na kunde, na mawaridi mawili.

Nzilani alifariki tarehe tisa Januari. Tulimzika kwetu Mwingi tarehe kumi na nane. Ndunge, mtoto wetu wa pekee, hajafika hapa tangu tulipotoka mazishini. Anaishi Lucky Summer, safari isiyofika saa moja. Nataka aje. Nimeliandika hilo ukurasa wa kwanza, kama ambavyo kazini tungeandika kazi iliyo mbele yetu.

Alhamisi, 6 Machi

Kavu. Nimempigia Ndunge. Simu ililia mpaka mwisho.

Jumanne, 11 Machi

Maji ya mfereji yamekuja. Nimejaza mitungi kumi na miwili na kumwagilia mawaridi na ukingo tu. Nyasi zisimwagiliwe kidogo kidogo. Maji machache huifundisha mizizi kukaa juu, na mizizi ya juu huungua jua likiwaka.

Ochola wa nyumba ya tatu alitoka na kiti chake kunitazama. Alifanya kazi reli. Tumeishi mlango kwa mlango tangu watoto wakiwa wanabebwa.

"Nyamai," alisema, "kwenu Mwingi mbuzi anatembea siku mbili kutafuta jani moja. Wewe hapa unalinyoa."

Nikamwambia mbuzi hakusomea bustani. Akacheka, lakini si kama zamani. Miguu yake imevimba. Sukari imemkamata, na presha.

Jumamosi, 15 Machi

Sina budi kueleza jambo la Januari, maana bila hilo mengine hayataeleweka.

Nyasi za aina hii hutambaa. Uhai wake hauko kwenye jani bali kwenye shina linalolala juu ya udongo, na kwenye vifundo vya hilo shina. Wakati wa mvua, likikanyagwa, hutoa chipukizi jipya kwa wiki moja. Wakati wa ukame halioti kabisa. Likipondwa kwenye udongo mgumu, hufa. Ndiyo maana kazini, kuanzia Desemba hadi mvua ya Machi, hatukuruhusu tenti kwenye nyasi. Mwandishi wa barua za kukataa nilikuwa mimi. Harusi, mikutano ya injili, sherehe za wakubwa. Sentensi ilikuwa ile ile: "Mwezi huu nyasi hazibebi watu." Nadhani niliiandika mara elfu moja.

Asubuhi ya tarehe tisa Januari nilirudi kutoka hospitalini, na Ochola akaja mlangoni. Desturi inajulikana, uwe Mkamba au Mjaluo: tenti husimamishwa mbele ya nyumba ya marehemu, na majirani huja kila jioni kuomba, kuimba na kupanga safari, hadi mwili uondoke kwenda nyumbani. Aliniuliza tenti isimame upande gani.

Nikamwambia, "Mwezi huu nyasi hazibebi watu. Waende holi."

Aliuliza mara ya pili, polepole, kama mtu anayezungumza na mgonjwa. Nikarudia maneno yale yale. Wakaenda holi ya mtaa. Jioni tisa mke wangu aliombolezwa mahali ambapo mchana vijana hufanya mazoezi ya ndondi, na mlango wake mwenyewe ukabaki umefungwa.

Nyasi zilipona. Kule Mwingi, udongo wa kaburi ukiwa bado haujakauka, Ndunge aliniambia, "Basi umebaki na nyasi zako, Baba." Hajaongeza neno tangu siku hiyo.

Jumatatu, 24 Machi

Mvua ya kwanza, saa kumi alasiri, dakika arobaini. Nimekula wali na maharagwe.

Jumapili, 30 Machi

Mvua siku ya nne. Nyasi zimegeuka rangi kwa usiku mmoja. Watu hufikiri ni maji pekee. Radi pia huongeza chakula cha mimea hewani, na mvua hukishusha. Nilimweleza Whitney, mjukuu wa Ochola, aliyesimama ukingoni na viatu vyeupe akiogopa tope. Anasoma chuo cha uhazili mjini na huongea kama redio.

"Sasa, babu. Hii nyasi yako imeiva. Mtu anaogopa hata kuikanyaga na njumu mpya."

"Kanyaga tu. Wakati huu inabeba."

"Zii, nitazunguka." Kisha akasema, "Lakini babu, si ni nyasi tu?"

Alizunguka. Sasa naona kwamba wote huzunguka. Tangu Januari hakuna aliyepita katikati, hata wanaochelewa kanisani. Nilidhani ni heshima.

Jumatano, 9 Aprili

Nimekata. Urefu wa vidole vitatu, si chini ya hapo.

Ijumaa, 11 Aprili

Mvua.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Nilipika kuku kwa matumaini kwamba Ndunge angekuja. Kila Pasaka alikuja, na mama yake alimfungia managu kwenye gazeti. Saa tisa nilimwona Mama Sylvance, yaani Rispa, mke wa Ochola, akizungumza na simu kwenye ngazi yake. Niliposogea kuchuma kunde alishusha sauti.

Alipomaliza nilimuuliza kama alikuwa Ndunge.

"Ndiye. Anatusalimia."

"Anatusalimia sote?"

"Baba Ndunge, mimi sina maneno. Amesema amesalimia watu wa huku."

Rispa na Nzilani walikuwa chama kimoja cha akina mama miaka ishirini. Huyu mwanamke ananichukia na anafurahia kunichukia, nilifikiri. Nilimpelekea nusu ya kuku. Alipokea kwa mikono miwili na hakuniangalia.

Jumanne, 29 Aprili

Mvua kubwa. Maji yamesimama pembe ya kusini. Nimetoboa udongo kwa uma wa bustani, mashimo mia mbili hivi, maji yashuke. Mgongo unauma. Sijui kama ninasikitika. Nimejaribu kujikagua kama ninavyokagua mmea: jani, shina, mzizi. Sioni ugonjwa. Sioni kitu.

Jumamosi, 10 Mei

Viwavi. Nilidhani ni kiraka cha ukavu, lakini ukavu hauji katikati ya mvua. Nilimwaga maji ya sabuni kwenye kiraka na nikahesabu. Kwa dakika tano viwavi thelathini na wanne walipanda juu ya majani. Hula usiku na hujificha mchana, kwa hiyo mtu huona hasara bila kumwona mwizi.

Ochola alisema kutoka kwenye kiti chake, "Hao wamekuja bila barua ya ruhusa."

Nilinyunyizia mwarobaini uliochemshwa. Nitarudia baada ya siku saba.

Jumamosi, 17 Mei

Nimerudia.

Jumapili, 25 Mei

Viwavi wamekwisha. Nyasi zimefunga vizuri kuliko mwaka wowote. Hakuna kiraka. Kutoka dirishani zinaonekana kama kitambaa kilichotandikwa kwa wageni. Nilikaa nikizitazama mpaka giza likaingia na sikufurahi, wala sikuhuzunika. Nilimwandikia Ndunge ujumbe kwamba nyasi zimependeza. Baada ya kuutuma ndipo nilipouona ulivyo.

Alhamisi, 5 Juni

Baridi. Manyunyu yasiyofika ardhini.

Jumatatu, 16 Juni

Ochola ametoka hospitalini. Anakaa ngazini amejifunika blanketi, kofia ya reli kichwani. Nilimpelekea uji. Nitaandika mazungumzo yetu yote kwa sababu nimeyarudia kichwani siku nzima.

"Omera," aliniambia, ndivyo Wajaluo humwita mtu wa rika lao. "Mimi nikifa, hawa watu wangu wataniimbia wapi?"

"Usiseme hivyo."

"Ninakuuliza kama mtu wa ofisi. Si lazima ujibu leo. Andika barua."

Nikaanza kumweleza kwamba Juni na Julai si kama Januari. Kuna unyevu, ila baridi huzilaza nyasi, na zikikanyagwa zikiwa zimelala hazijui kuamka, hasa kivulini. Alicheka mpaka akakohoa. Rispa akatoka ndani kumshika mgongo.

Alipotulia alisema, bila kucheka, "Nyamai, wewe ulimtoa mke wako nyumbani kwake. Mimi nilikuwa pale. Nilikuuliza mara mbili ili mara ya pili ukumbuke unazungumza juu ya nani."

"Nilikumbuka."

"Hapana. Ulikuwa ofisini."

 Rispa alikuwa akimfunga blanketi vizuri shingoni. Alilifunga, akalifungua, akalifunga tena, nami nikaona kwamba yale niliyoyaita chuki tangu Pasaka huenda yalikuwa uchovu tu, na huzuni ya watu wawili, Nzilani na mume wake, aliyokuwa akiibeba peke yake.

Ijumaa, 20 Juni

Baridi.

Jumamosi, 28 Juni

Baridi. Sikukata. Nyasi haziongezeki hata ukucha. Ochola amerudishwa hospitalini.

Jumanne, 8 Julai

Ochola amefariki alfajiri, saa kumi na moja. Nilisikia Whitney akilia nje, kilio kirefu kisicho na maneno, na milango ikifunguliwa mmoja baada ya mwingine.

Saa nne Sylvance, mtoto wao mkubwa, alikuja na watu wa tenti. Walisimama barabarani, wakapima kwa macho ule ukingo mwembamba kando ya mtaro, mahali pa kukaa watu kumi tu. Nilikwenda nikamwambia Rispa tenti iwekwe kwenye nyasi.

Alikuwa ameketi kitandani katikati ya wanawake wanne. Alinitazama kwa mara ya kwanza tangu Januari.

"Baba Ndunge, nyasi zako zimependeza sana mwaka huu. Usiziharibu kwa ajili yetu."

"Mama Sylvance, ninaomba."

"Mke wako hakukaa hapo. Mume wangu atakaaje?" Alisema polepole, bila hasira. "Mimi na Nzilani tuliahidiana. Atakayetangulia, mwingine ataimba mlangoni pake. Nilikwenda kuimba holi. Niliimbia ukuta. Waache watu wakae mtaroni."

Wale wanawake walitazama sakafu. Nikatoka.

Sikutafakari. Nilichukua viti vyangu vinne vya mezani nikavipeleka katikati ya uwanja, nikavipanga, nikaketi kwenye kimoja. Manyunyu yalikuwa yakidondoka. Nilikaa hivyo kama saa moja. Watu wa tenti waliniona, Sylvance aliniona. Whitney ndiye aliyekuja wa kwanza, moja kwa moja katikati ya nyasi, viatu vyake vyeupe vikizama, akaketi kando yangu. Macho yalikuwa mekundu.

"Babu, utashikwa na homa."

"Ndiyo."

"Haya. Tushikwe wote."

Kisha akampungia mkono Sylvance, na watu wa tenti wakavuka. Walipigilia vigingi ishirini na vinne. Nilivihesabu kwa mazoea.

Jumatano, 9 Julai

Watu tisini hivi.

Alhamisi, 10 Julai

Mvua ndogo. Watu mia moja. Moto wa makaa uliwekwa upande wa mashariki, mahali ambapo nyasi zilikuwa nzito zaidi. Hakuna aliyeniuliza.

Jumamosi, 12 Julai

Ndunge amekuja.

Alipita kwenye lango la ua saa kumi na moja jioni akiwa na koti la kijani, amekonda. Ochola alimbeba akiwa mtoto, asingekosa. Alikwenda moja kwa moja kwa Rispa, wakakumbatiana muda mrefu. Aliketi na wanawake upande wa kushoto, mimi nikiwa na wazee upande wa kulia. Kati yetu palikuwa na tope.

Wakati wa chai alinikuta kwenye foleni.

"Habari yako, Baba."

"Nzuri. Na wewe?"

"Mzima."

Hakuingia ndani. Saa moja alikuwa ameondoka.

Jumapili, 13 Julai

Hakuja.

Jumatano, 16 Julai

Jioni ya mwisho. Kesho mwili unaondoka kwenda Siaya. Ndunge alikuwepo tena. Desturi ni kwamba jirani mmoja huzungumza kwa niaba ya wote, na Sylvance, aliyeongoza, akaniita mimi.

Nilikuwa nimejiandaa. Nilianza na habari za Ochola wa reli, kisha nikafika kwenye nyasi. Nilieleza kwamba hapa tulipo palipandwa mwaka wa 1996, kwamba shina hulala juu ya udongo, kwamba Januari udongo huwa mgumu. Nilisikia viti vikisogea. Mtu nyuma alikohoa. Sylvance alinikaribia akanong'ona kwa adabu, "Mzee, tufupishe kidogo, mchungaji yuko na ibada nyingine."

Nikaacha karatasi. Nikasema, "Mwezi wa kwanza niliwatuma holi. Nilikosea. Ninaomba msamaha." Nikaketi.

 Sijui nilitarajia nini. Mchungaji alisema amina, wakaanza wimbo, na nilipoinua macho kiti cha Ndunge kilikuwa kitupu.

Ijumaa, 18 Julai

Tenti iliondolewa jana. Nimekagua. Sehemu nzima chini yake imekuwa tope lililopigwa likawa kama sakafu. Mahali pa moto pameungua kiganja kimoja kwenda chini. Kilichosalia hai ni ukanda mwembamba pembeni na kipande mbele ya nyumba ya tano. Theluthi mbili zimekufa. Ningekuwa kazini ningeandika ripoti.

Jumatatu, 28 Julai

Baridi.

Jumamosi, 9 Agosti

Rispa amerudi kutoka Siaya. Alipita katikati ya uwanja na mifuko yake, akasimama mbele ya ngazi yangu.

"Utapanda tena?"

"Si wakati. Mpaka mvua fupi, Oktoba."

"Sawa." Kisha akaweka chini mfuko mmoja. "Hawa ni omena, dagaa wa ziwani kwetu. Nzilani alikuwa akiwapika na nyanya nyingi. Usiwakaushe sana."

Nilimshukuru. Niliwakausha sana.

Jumanne, 19 Agosti

Upepo na vumbi. Sasa watu wote wanapita katikati. Njia imejichora yenyewe kutoka langoni hadi mfereji, na nyingine kutoka kwa Rispa hadi kwangu. Njia hiyo ya pili ni ya Whitney; huja kuazima koleo, pasi, kiberiti, na ninashuku kwamba vitu hivyo anavyo.

Jana aliniuliza, "Babu, Ndunge si mmeongea?"

"Ameniamkua."

"Ile siku ya speech yako alilia huko nje kwa geti. Mimi ndiyo nilimpeleka stage."

"Alisema nini?"

"Alisema bado hujaelewa. Nikamwambia huyo mzee anaeleweshanga watu tu, yeye haeleweshwangi."

Nilimwona Whitney kuwa msichana wa kelele. Nilikosea hapo pia.

Jumamosi, 6 Septemba

Kavu.

Jumatatu, 22 Septemba

Kavu. Nimeng'oa waridi moja lililokufa. Lingine lina jani.

Alhamisi, 9 Oktoba

Ndago zimeota katikati ya uwanja, hata kabla ya mvua. Ndago ni nyasi ngumu yenye jani la pembe tatu. Chini ina viazi vidogo kama punje za maharagwe, vilivyounganishwa na uzi. Ukivuta jani, uzi hukatika na kiazi hubaki, nacho huota viwili. Hakuna njia ila kuchimba polepole na kufuata uzi hadi mwisho. Nimechimba saa mbili na kumaliza eneo la meza moja.

Ijumaa, 17 Oktoba

Mvua ya kwanza ya vuli. Dakika ishirini.

Jumatano, 22 Oktoba

Mvua nzuri. Nimekata vipandikizi kwenye ukanda uliosalia, gunia moja. Nitavipanda Jumamosi. Nimemwandikia Ndunge: "Sijui ni nini ambacho sijaelewa. Njoo uniambie." Nilifuta mara tatu kwa sababu kila mara nilikuwa nimeongeza habari za mvua.

Jumamosi, 25 Oktoba

Amekuja. Nitaandika yote.

Nilikuwa nimepiga magoti uwanjani na jembe dogo, saa nne asubuhi, mistari mitatu ikiwa imepandwa. Aliketi kwenye ngazi yetu. Nilinawa mikono kwenye ndoo nikaketi kando yake, nikiacha nafasi ya mtu mmoja.

"Ile siku kwa akina Mama Sylvance," alisema, "uliomba watu msamaha kwa ajili ya nyasi."

"Kwa kuwatuma holi."

"Baba, mimi sikukasirika juu ya nyasi. Hata juu ya holi, watu wengine hutumia holi." Alikuwa akichuna tope kwenye kiatu chake kwa kijiti. "Unakumbuka mimi nilikuwa wapi jioni ya tarehe tisa?"

Nilifikiri. Nilijua alifika mchana kutoka Lucky Summer. Baada ya hapo sikuwa na kitu.

"Holi," nilisema.

"Nilikuwa jikoni. Nilichukua sufuria kubwa ya chama mlangoni kwa Mama Sylvance, wenyewe wakiwa wameshatoka, nikapika chai ya watu sitini. Nikafagia. Nikapanga vikombe dirishani. Nikakaa mlangoni kungoja watu. Saa kumi na mbili, hakuna mtu. Saa moja, hakuna mtu. Nilidhani labda Mama hakuwa na marafiki kama tulivyofikiri. Nilidhani hivyo, Baba, nikiwa nimekaa hapa hapa. Saa mbili Whitney alikuja kuniuliza kwa nini siko holi na wenzangu."

Nikasema sikumwambia.

"Hukuniambia. Ulitoka ukaenda ukaketi huko, ukaniacha nikingoja."

"Nilisahau."

"Ulisahau mimi."

"Ndiyo."

"Ile chai niliimwaga kwenye mtaro, kikombe kwa kikombe, kwa sababu sikuweza kuinua sufuria peke yangu."

Nikaanza kueleza. Nilisema Januari udongo huwa mgumu na shina likipondwa hufa. Hakunikatiza. Alingoja tu, akinitazama, na mimi nikasikia sauti yangu ikiendelea kama ya mtu anayesoma barua ya mwingine. Nikanyamaza. 

Kisha nikamwambia jambo ambalo sijaliandika popote katika daftari hili kwa sababu nilikuwa sijalijua. Asubuhi ile, kabla ya Ochola kufika, akina mama wa chama walikuwa wamekusanyika kwa Rispa na wameanza wimbo, sauti ya chini, wakijiandaa kuja kwetu. Nilikuwa chumbani nikikunja leso ya mama yake. Niliusikia mstari mmoja. Nikajua kwamba wakifika mlangoni na kumaliza wimbo huo, Nzilani atakuwa amekufa kweli. Ochola alipobisha nilikuwa ninatafuta kitu chochote cha kuwazuia. Sentensi ya kazini ndiyo iliyokuwa karibu.

"Kwa hiyo haikuwa nyasi," alisema.

"Haikuwa nyasi."

"Na holi waliimba."

"Niliketi nyuma kabisa, karibu na jenereta. Sikusikia maneno."

Ndunge alifuta uso kwa mkono wa koti. Hakuniambia amenisamehe, na sikumuuliza. Baada ya muda aliinuka, akapita katikati ya mistari yangu mitatu hadi kwa Rispa, na akarudi na sufuria kubwa ya chama ameibeba kichwani. Alisema, "Washa jiko."

Tulipika chai. Mimi nilichochea, yeye akapima maziwa. Ilitosha watu sitini. Saa tisa alisimama mlangoni akamwita Whitney, na Whitney akaita nyumba zote sita, na hao wakaita wengine. Walikuja na vikombe vyao. Hawakuuliza chai ni ya nini. Nilimwona Rispa amesimama chini ya ngazi, kitambaa cheusi cha kumwomboleza mume wake bado kichwani, akiitazama ile sufuria, na akaelewa kabla ya wote.

Akaweka kikombe chini, akaanza wimbo.

Ulikuwa ule ule. Wanawake wa chama walimpokea, kisha Ndunge, kisha wanaume kwa sauti nzito. Walikuwa wamesimama juu ya vipandikizi. Mvua ikaanza kudondoka na hakuna aliyesogea. Nilisimama mlangoni pangu nikausikia kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho, maneno yote.

Jumapili, 26 Oktoba

Nimechelewa kuamka, kanisani wameshaingia ibada ya pili. Macho yangu yamevimba, siwezi kuandika mengi. Ndunge bado amelala.